Digrii Iliwaingiza Chamani, Lakini Sio Iliyowaweka

Wasee wangu, leo tuongee kuhusu vyama. Si vya siasa, hivyo mnavijua vyenyewe. Naongelea vile vyama vya watu kukutana bila kulipwa, wanachanga pesa yao wenyewe na kufanya kazi ya bure kwa sababu kuna kitu wanaamini. Kama umekaa Kenya hata miaka michache, ushawahi kuwa ndani ya kimoja. Grupu ya waliomaliza shule pamoja. Chama cha wasichana wa kijiji waliofika chuo. Kikundi cha kulipia watoto karo.

Na unajua vile huisha. Mwezi wa kwanza watu 80, kila mtu ana maoni, kila mtu anataka kuwa katibu. Mwezi wa sita wamebaki 7, mweka hazina na marafiki zake. Halafu mwenyekiti anaandika ujumbe mrefu saa tano usiku, analia kwamba vijana wa siku hizi hawajitolei. Watu wanasoma, wananyamaza. Mmoja anajitoa kimyakimya.

Mimi sikubaliani na huyo mwenyekiti. Nadhani tunauliza swali mbaya. Tunauliza, "Mbona watu wanaondoka?" na hatuulizi, "Tuliwapa nini cha kukaa nacho?" Ili nieleze, nawapeleka Boston, Marekani, mwaka wa 1881. Kuna chama cha wanawake wenye digrii kilichoanzia huko, na kipo mpaka leo. Zaidi ya miaka 140. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo enzi hizo hawa kina dada wasingenikubalia hata nishike kitasa cha mlango. Labda ndio maana stori yao ilinishika. Ukiwa nje ya mlango, unauona vizuri.

Watu 17 na swali moja

Tarehe 28 Novemba 1881, wanawake 17 waliotoka vyuo 8 walikutana Boston, pale kwenye chuo cha teknolojia cha MIT. Mmoja wao aliitwa Ellen Swallow Richards, mwanakemia, mwanamke wa kwanza kukubaliwa kusoma MIT. Mwingine alikuwa Marion Talbot, msichana aliyekuwa amepata digrii yake Boston University mwaka wa 1880, juzi tu.

Nyuma ya wazo hilo alikuwa mama yake Marion, Emily Talbot. Fikiria hali yake. Umepigana binti yako asome, amesoma, amemaliza, na sasa yuko kwenye kiti pale nyumbani. Kazi za maana hazimtaki kwa sababu ni mwanamke. Marafiki wa zamani hawamwelewi kwa sababu amesoma. Na wenzake wachache walio kama yeye wametawanyika miji mbalimbali, kila mmoja anadhani shida ni yake peke yake.

Hebu niambie kama hiyo haifanani na Kenya ya leo. Tumesoma, sasa?

Januari 1882 chama kikawa rasmi kwa jina la Association of Collegiate Alumnae, na wanawake 65 wakajiunga. Hakukuwa na bango. Hakukuwa na kampeni. Kilichowaleta ni upweke wa aina moja. Digrii kwa mwanamke ilikuwa kitu adimu sana, na ukikutana na mwingine aliye nayo, hamhitaji utambulisho mrefu. Mnajuana tayari.

Sasa, hapa ndipo vyama vingi hukosea. Vinadhani kilichowaleta watu ndicho kitakachowaweka. Hapana. Upweke ukiisha, watu wanaenda nyumbani. Umeshapata rafiki wawili watatu, si basi? Chama cha nini tena?

Hawa kina dada walipata jibu haraka, na jibu lilikuwa kazi.

Kazi ambayo hakuna mwingine angeifanya

Mwaka wa 1873 daktari wa Boston aliyeitwa Edward Clarke, mtu aliyewahi kufundisha Harvard, alitoa kitabu akisema kwamba msichana akisoma kama mvulana, mwili wake utaharibika, hasa viungo vya uzazi. Kwamba damu inayofaa kwenda kwenye kizazi itaenda kwenye ubongo. Usicheke, kitabu kilinunuliwa sana na wazazi walikiogopa. Baba aliyekuwa hataki kulipa karo ya binti alipata sababu ya kisayansi.

Ungejibuje kitu kama hicho? Kubishana na daktari ilikuwa bure, maana yeye ni daktari na wewe ni msichana. Chama kikaamua kutobishana. Kikaandika orodha ya maswali kuhusu afya, kikawatumia wanawake waliomaliza vyuo. Ulikuwa na afya gani ulipoingia? Ulipokuwa unasoma? Na sasa? Wanawake 705 walijibu. Mwaka wa 1885 matokeo yakachapishwa kwa msaada wa ofisi ya serikali ya takwimu ya jimbo la Massachusetts. Wengi mno walikuwa wazima kabisa. Kusoma hakukuwa kumewaua.

Angalia vizuri kilichofanyika hapo. Huo ni utafiti ambao wanaume wasomi wa Harvard hawangeweza kuufanya hata wangetaka, kwa sababu ushahidi ulikuwa ndani ya miili ya wanachama wenyewe na ya wenzao. Kila mwanamke aliyejaza karatasi ile alijua kwamba asipoijaza, hesabu inapungua. Mtu mmoja. Inaonekana.

Hiyo ndiyo siri ya kwanza, na ningeibandika ukutani kwa kila ofisi ya chama: mpe mtu kazi ambayo asipoifanya, pengo lake litaonekana. Si kazi ya kupiga makofi. Si kazi ya kuvaa fulana ya chama na kusimama nyuma kwenye picha.

Baadaye waliendelea hivyo hivyo. Walichangisha pesa za kufadhili wanawake waendelee na masomo ya juu, na ufadhili huo ukawa kazi yao kubwa kwa vizazi. Matawi yaliuza vitabu vya mitumba, kila mwaka, mabati na masanduku ya vitabu, mwenye gari analeta, mwenye nguvu anabeba, mwenye mdomo anauza. Mwaka wa 1921 wanawake wa Marekani walipochangisha pesa za kumnunulia Marie Curie gramu 1 ya radiamu kwa ajili ya utafiti wake, wanawake waliosoma vyuoni walikuwa mstari wa mbele. Ni gramu moja tu, lakini mwanachama wa mji mdogo aliweza kusema, "Hiyo gramu, na mimi nimo."

Orodha

Sasa tufike kwenye mlango.

Chama hiki hakikukubali kila digrii. Kilikuwa na orodha ya vyuo. Chuo chako kikiwa kwenye orodha, karibu. Kisipokuwa, pole, hata uwe na akili ya kutisha.

Tuwe waungwana, orodha haikuwa ujinga mtupu. Wakati ule mtu yeyote angeweza kufungua jengo, kuliita chuo na kugawa vyeti. Tunajua hiyo biashara hata hapa. Tena orodha ilitumika kama fimbo: chuo kilichotaka kuingia kiliangaliwa kama kinaajiri wahadhiri wanawake na kama kinawapa wasichana mahali pazuri pa kuishi. Kwa hivyo mlango mwembamba ulisaidia wanawake ambao hata hawakuwa wanachama. Hiyo naikubali.

Lakini kila mlango mwembamba una watu upande wa pili, na hao watu hawakai chini wakingoja. Kule kusini mwa Marekani vyuo vingi vya wanawake havikutimiza masharti. Mwaka wa 1903 wanawake wa huko wakakutana Knoxville, jimbo la Tennessee, wakaunda chama chao. Ilichukua mpaka 1921 vyama hivyo viwili kuungana na kuwa American Association of University Women. Miaka 18 ya kufanya kazi ileile katika vyumba viwili.

Na hao walikuwa wanawake weupe. Wanawake Weusi waliosoma vyuo vya Weusi walikuta orodha imenyamaza kabisa kuhusu vyuo vyao. Nao wakafanya nini? Mwaka wa 1910, jijini Washington, wanawake Weusi wenye digrii wakaanzisha klabu yao, na katika miaka ya 1920 ikakua kuwa chama cha kitaifa chini ya Lucy Diggs Slowe, aliyekuwa mkuu wa wanafunzi wanawake katika Howard University. Chama hicho nacho kipo mpaka leo.

Kwa hivyo mtu akikuambia, "Hatupati wanachama," muulize kwanza: uliwafukuza wangapi mlangoni bila hata kujua? Watu huwa hawakosekani. Wako mahali pengine, wanafanya kazi yako bila wewe.

Mama Terrell

Kuna mwanamke mmoja ambaye stori yake ningetaka kila mwenyekiti aisome kabla ya kushika kinyundo cha mkutano.

Mary Church Terrell alizaliwa mwaka wa 1863, wazazi wake waliwahi kuwa watumwa. Alimaliza Oberlin College mwaka wa 1884. Kumbuka hilo jina Oberlin, kwa sababu ni moja ya vile vyuo 8 vilivyokuwa na mtu kwenye chumba kile cha Boston mwaka wa 1881. Kwa hivyo kwa upande wa orodha, hana doa. Alikuwa rais wa kwanza wa shirikisho la kitaifa la vyama vya wanawake Weusi, lililoundwa 1896. Mwaka wa 1904 alihutubia mkutano wa kimataifa wa wanawake Berlin, na alihutubia kwa Kijerumani. Wueh.

Alikuwa amewahi kuwa mwanachama wa tawi la Washington miaka ya nyuma, kisha uanachama wake ukaisha. Mwaka wa 1946, akiwa na miaka zaidi ya 80, akaomba kurudi. Tawi likakataa.

Mama wa miaka 80 na zaidi, mwenye digrii ya chuo kilichokubaliwa, mwenye historia kuliko nusu ya ukumbi ule. Wakamkataa kwa sababu ni Mweusi. Washington ya wakati ule ilikuwa mji wa ubaguzi, watu Weusi na weupe hawakukaa meza moja kwenye mikahawa, na tawi halikutaka kuwa la kwanza kupanga viti upya.

Uongozi wa kitaifa uliliambia tawi: sharti letu ni elimu, rangi si sharti, mkubalini au mtoke. Tawi likaenda mahakamani. Na likashinda! Majaji walisema kwamba kwa katiba ya chama ilivyoandikwa, makao makuu hayakuwa na uwezo wa kulifukuza tawi kwa sababu hiyo. Hata rufaa tawi likashinda.

Hapa ndipo wengi wangesema, basi, sheria imeongea, twende nyumbani. Lakini mwaka huohuo wa 1949 wanachama walikutana Seattle kwenye mkutano mkuu na kwa kura nyingi sana wakabadilisha katiba yenyewe. Kuanzia hapo, mwenye digrii inayokubalika hawezi kukataliwa kwa ajili ya rangi, dini au siasa yake. Washington kukaundwa tawi jipya, Mama Terrell ndani. Wale waliokataa wakabaki na klabu yao.

Chama kilipoteza wanachama siku hiyo, na hao walikuwa watu wa kulipa ada kwa wakati, watu wa kuja mikutano. Kama kipimo chako ni hesabu ya vichwa tu, hiyo ilikuwa hasara. Lakini angalia walichopata. Mwaka wa 1950 Mama Terrell na wenzake waliingia kwenye mkahawa mmoja Washington, wakanyimwa huduma, wakaanza kesi. Mwaka wa 1953 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba mikahawa ya jiji hilo haina ruhusa kuwakataa watu kwa rangi. Alikuwa na miaka 89. Alifariki 1954.

Huyo ndiye mtu ambaye kamati ilikaa ikaona hafai. Aliyekuwa na nguvu ya kujitolea kuliko wote jijini walimweka nje, halafu bila shaka kuna mtu kwenye kamati hiyohiyo aliwahi kulalamika kwamba kujitolea kumepungua.

Saa za mchana

Ngoja niwe mkweli pia kuhusu kitu ambacho watu wa vyama hawapendi kusikia. Nguvu ya vyama hivi zamani ilitoka mahali pabaya.

Mama Terrell mwenyewe alikuwa mwalimu Washington. Alipoolewa mwaka wa 1891 ilibidi aache kazi, kwa sababu mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kufundisha. Hebu zidisha huyo mmoja mara maelfu. Nchi nzima ilikuwa na wanawake wenye digrii, wenye akili moto, ambao sheria na desturi zilikuwa zimewafungia kazi. Mchana mzima ni wao. Hiyo akili ingeenda wapi? Ikaenda chamani. Mikutano ya saa nne asubuhi ilijaa.

Halafu kile walichopigania kikatokea. Kazi zikafunguka. Miaka ya 1960 na 1970 wanawake wakaingia ofisini, hospitalini, mahakamani. Na vyama vya kujitolea vya wanawake vikaanza kupungua. Mtafiti Robert Putnam aliandika mwaka wa 1995 kwamba League of Women Voters, chama jirani na hiki, kilikuwa kimepoteza asilimia 42 ya wanachama tangu 1969, na katika sababu alizozitaja kwanza ni hiyo: wanawake wameingia kazini.

Kwa hivyo si ati kizazi kiliharibika. Chama kilifanikiwa, na mafanikio yakakula saa za chama. Mwenyekiti aliyeendelea kuitisha mkutano saa nne asubuhi siku ya Jumanne alikuwa anaita watu ambao hawapo tena. Walikuwa kazini. Kazi ileile yeye alipigania waipate!

Na kuna kitu cha pili kilichobadilika: digrii yenyewe. Makerere ilipofungulia wanawake mlango mwaka wa 1945, walioingia walikuwa 6. Kwa Afrika Mashariki yote. Watu sita wa namna hiyo hawahitaji katiba ili wawe kitu kimoja. Leo nenda mahafali yoyote ya chuo kikuu Nairobi uhesabu kofia. Digrii imekuwa nyingi, na hiyo ni habari njema kabisa, lakini kitu ambacho kila mtu anacho hakiwezi tena kuwa gundi. Huwezi kuita mkutano kwa kusema "njooni, sote tulisoma." Watu watakuuliza, ndio, halafu?

Kwa hivyo tufanye nini

Mimi nikiangalia hii stori yote naona kitu kimoja. Kila mara chama hiki kilipouliza "nani anastahili kuwa nasi?" kilipoteza miaka. Kila mara kilipouliza "kuna kazi gani, na nani anaweza kuifanya?" kilikua. Mwaka wa 1885 kilikuwa na kazi, kikapata majina. Mwaka wa 1946 tawi moja lilikuwa na mlango tu wa kulinda, likajikuta mahakamani likipigana na bibi wa miaka 80.

Angalia mama zetu na chama cha mzunguko. Hawana digrii ya uongozi. Lakini mtu akikosa kuleta mchango Jumamosi, kabla jua halijatua kuna mtu amepiga simu, na si kwa ukali, anauliza, "Mama Njeri, mko salama?" Pengo limeonekana. Na kila mtu anajua zamu yake itafika lini. Hiyo ndiyo elimu ya kuweka wanachama, na iko hapo sokoni bure.

Ukiwa na kikundi cha wahitimu wanawake leo, usianze na fulana wala nembo. Tafuta jambo moja ambalo nyinyi tu mnaweza kulifanya. Labda ni kuwatafutia wasichana wa kidato cha nne katika kaunti yenu watu wa kuwajazia fomu za vyuo. Ligawe vipande, kila kipande kiwe na jina la mtu. Panga saa kulingana na maisha watu wanayoishi sasa, si yale mama zao waliishi. Ada iwe kiasi ambacho aliyemaliza juzi bila kazi anaweza kutoa bila aibu. Na mtu akijitoa, mtumie ujumbe, lakini usimhubirie. Muulize.

Halafu angalia mlangoni kwenu. Kuna dada aliyeacha chuo mwaka wa mwisho kwa sababu karo iliisha. Kuna aliyesomea chuo cha kiufundi. Kuna yule mnasema "si wa level yetu." Simami hapa kuwaambia mbadilishe katiba kesho, chama ni chenu. Ninauliza tu, huyo mnayemwacha nje, mna hakika si yeye atakayekuwa bado anafanya kazi akiwa na miaka 89?